Wanataka kubadilisha katiba nibaki mwenyekiti, mimi sijui kama nawatumikia au napenda tu kuhitajika

BARUA

Shikamoo shangazi. Naomba usitaje jina langu wala la kikundi chetu, wenzangu wanakusoma sana na wakijua ni mimi itakua shida juu ya shida.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, nina mume na binti mmoja wa miaka 12. Miaka sita iliyopita tulikua watu 11 tukaanzisha kikundi cha kujitolea, kazi yetu ni kutembelea wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa wasio na mtu wa kuwaangalia, tunawapeleka hospitali, tunawafulia, tunawasafishia, siku nyingine tunakaa nao tu tunapiga stori. Saivi tumefika 64. Mwenyekiti tangu siku ya kwanza ni mimi, sikugombea, walisema tu wewe ndio una moyo wa hii kazi nikakubali. Katiba tuliiandika wenyewe na inasema mwenyekiti vipindi viwili vya miaka mitatu mitatu alafu anampisha mwingine, na hicho kipengele shangazi mimi ndio nlikipigania kuliko mtu yeyote, nlisema sitaki kikundi kije kua mali ya mtu.

Vipindi vyangu viwili vinaisha baada ya miezi miwili.

Sasa kikao kilichopita mweka hazina wetu akasimama akasema kwa nini tujifunge na karatasi tuliyoiandika wenyewe, tubadilishe kile kipengele dada yetu aendelee. Watu wakapiga makofi mpaka wengine wakasimama. Nlilia, nlilia mbele za watu, mana miaka yote sita sijawahi kuambiwa asante kwa sauti kubwa namna ile. Nikawaambia nipeni muda nifikirie.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Ni katibu wetu, kijana wa miaka 27, mtulivu, mchapakazi, na mimi mwenyewe ndio nlimuingiza kikundini. Tulipokua tunatoka akaniita pembeni akasema dada naomba usinikasirikie, mwaka jana ulipolazwa wiki tatu zamu zilisimama, wazee wanne hawakuona mtu hata mmoja mpaka uliporudi, watu wote hawa na hakuna aliyejua aende kwa nani. Akanyamaza kidogo alafu akasema, nakuheshimu sana ila naona tumekua watu wa kukusubiri wewe.

Nikamwambia asante nikaondoka. Lakini moyoni niliwaka moto na mpaka leo sijapoa, nimekutana nae mara mbili na sikumsalimia vizuri na najua sio haki.

Nikueleze kazi inavokwenda uelewe. Zamu napanga mimi, tena kichwani, yani nikiamka nashajua leo fulani aende kwa babu fulani, fulani hana nauli nimtumie, fulani na fulani wamegombana nisiwaweke pamoja. Nani anakunywa dawa gani saa ngapi, nani hasikii vizuri lazima ugonge dirishani, yote ninayo mimi. Mtu akishindwa zamu ananitumia meseji na mimi naenda mwenyewe bila kuuliza, siwezi kumuacha mzee anasubiri kisa mtu kapata udhuru. Wanachama wanasema mimi ni kiongozi mtumishi, sio wale wa kukaa kwenye kiti na kutoa amri, na mimi nlikua naamini hivo. Ila siku hizi simu ikiita kifua kinabana. Juzi niliiangalia inaita mpaka ikakata, alikua mama mmoja wa kikundini ninayempenda kabisa, na kitu nilichokisikia moyoni ilikua ni chuki. Nikaogopa shangazi. Sikujijua.

Kuna jingine sijamwambia mtu. Mwanzoni mwa mwaka jana niligundua kuna hela za kikundi hazikufika benki. Nilipombana mweka hazina akaanguka kulia, mtoto wake alikua anaumwa na alikua hana pa kushika. Nikatoa akiba yangu nikaziba, nikamwambia utanirudishia taratibu. Amekua akirudisha kidogo kidogo, imebaki karibu nusu. Kamati haijui, mume wangu hajui. Nliona ukiwa kiongozi wa kuhudumia huwezi kumvua nguo mtu aliyeanguka. Na ndio huyo huyo aliyetoa hoja nibaki, sidhani kama ana nia mbaya, ananipenda tu.

Nyumbani mume wangu ameshachoka, anasema hii nyumba imekua ofisi. Binti yangu wiki iliyopita aliniuliza bila hasira, kama anauliza kitu cha kawaida, mama mimi nikiugua na mimi utanipangia zamu?

Kwaiyo shangazi nikubali kuendelea? Nikiondoka naona kikundi kitakufa kabla mwaka haujaisha. Na lile la hela, niseme au nikae nalo? Na swali ambalo hata kuliandika naogopa, mimi ni mtumishi kweli au nimezoea tu kua yule ambae bila yeye mambo hayaendi?

Ni mimi,
Mwenye simu isiyonyamaza

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma usiku nikaiweka, nikaisoma tena asubuhi, maana naona nyuzi kadhaa zimejifunga fundo moja na nikivuta mmoja kwa haraka naweza kuukaza mwingine. Kuna kura ya katiba, kuna siri ya hela, kuna mwili wako na nyumba yako, na chini ya yote hayo kuna lile swali lako la mwisho ambalo nadhani ndilo lililokufanya ukae chini uandike.

Kwanza yale machozi. Usiyaonee aibu. Mtu aliyefanya kazi miaka sita bila kusikia asante akiisikia siku moja kutoka kwa watu sitini kwa mpigo lazima alie, na kupenda kushukuriwa hakumfanyi mtu kuwa mtumishi wa uongo. Naona umejiwekea swali kama vile majibu ni mawili tu, ama una moyo safi ama unatafuta kuhitajika. Mimi sijawahi kukutana na mtu mwenye moja tu kati ya hayo, na wewe ulipoanza mkiwa 11 hakukuwa na makofi yoyote na bado ulienda. Kwa hiyo hilo la nia ningekuomba uliweke pembeni kidogo, sio kwamba si muhimu, ila nia ya mtu haipimiki kwa kujichungulia moyoni usiku wakati umechoka. Kuna kitu kingine kinachopimika.

Haya maneno kiongozi mtumishi tunayasema sana sasa hivi. Wazo lenyewe ni la zamani, dini zote kubwa zinalo, lakini aliyeliingiza kwenye maofisi na mashirika ni Mmarekani mmoja, Robert Greenleaf, aliyefanya kazi kampuni ya simu ya AT&T karibu miaka 40 akastaafu 1964, halafu mwaka 1970 akaandika insha yake kuhusu jambo hili. Nakutajia huyu kwa sababu kipimo alichokiweka hakimuulizi kiongozi amechoka kiasi gani, wala anapendwa kiasi gani. Kinawaangalia wale wanaotumikiwa: je wanakua? Wanazidi kuwa na afya, na busara, na uhuru, wanaweza kujisimamia, na wao wenyewe wanaelekea kuwa watumishi wa wengine? Na yule wa chini kabisa, asiye na chochote, anapata nafuu au angalau hazidi kuumia?

Sasa mwanangu chukua kipimo hicho urudi nacho kwenye zile wiki tatu ulizolazwa.

Najua inauma. Lakini kuna kitu nimekiona kwenye barua yako ambacho sidhani uliandika kwa kukusudia. Mweka hazina amesema, katibu amesema, mume amesema, binti amesema, wewe umesema mengi. Wazee hawajasema neno. Wale wanne ambao hakuna aliyewagongea, uliporudi ulikaa nao ukawauliza zile wiki zilikuwaje? Waliogopa, walikasirika, kuna jirani aliyewasaidia ambaye hata humjui? Kikundi kinabishana dada abaki au asibaki na wenye kikundi, wale ambao kikundi kipo kwa ajili yao, hawajaulizwa. Ningekuwa wewe kabla ya kumjibu mtu yeyote kuhusu kura ningeenda kwao kwanza, na ningeenda kusikiliza tu, sio kuwaandaa. Maana kati ya sifa zote za kiongozi wa kutumikia, kusikiliza ndio Greenleaf aliiweka mbele, na ndio ya kwanza kupotea mtu akiwa na haraka ya kusaidia. Ukishajua dawa za mtu na saa zake na mlango wake unaanza kuona kama umeshamjua na yeye.

Tumgeukie kijana. Unasema umewaka moto na hujapoa, na hapo hapo unasema sio haki, kwa hiyo nusu ya kazi umeshaifanya. Mimi nilichokiona kwenye maneno yake ni mtu aliyefanya kitu kigumu, amekuita pembeni badala ya kukuaibisha kikaoni, ameanza kwa kukuomba radhi. Ila na yeye simpi haki yote. Wiki tatu zile katibu alikuwepo, ana namba za watu, yeye alifanya nini? Sijui, na wewe ungeweza kumuuliza, sio kwa kumshtaki, kwa kutaka kujua kweli. Inawezekana alijaribu akakuta hana pa kuanzia. Inawezekana na yeye alikuwa anasubiri. Majibu hayo mawili yanakwambia vitu tofauti sana kuhusu kikundi, na ukiendelea kumpita bila salamu hutayapata.

Huyu Greenleaf anasema wazo lake lilimjia baada ya kusoma hadithi ya Hermann Hesse iliyotoka mwaka 1932. Ndani yake kuna kundi la wasafiri na mtumishi wao, anawabebea mizigo, anawafanyia kazi za mikono, anawachangamsha kwa nyimbo. Siku moja anatoweka na safari inasambaratika. Miaka baadaye msimulizi anagundua kwamba yule mtumishi ndiye alikuwa mkuu wa chama kilichowatuma. Wengi wanaisimulia ili kuonyesha kwamba mtumishi ndiye kiongozi wa kweli na mimi nakubali, lakini kila nikiifikiria nabaki kwenye kile kipande cha katikati, kwamba alipoondoka safari ilikufa. Watu wazima wote wale na hakuna aliyejua kubeba mzigo. Na wewe umeniandikia kwamba ukiondoka kikundi kitakufa kabla mwaka haujaisha, umeiandika kama sababu ya kubaki. Inaweza kuwa sababu ya kubaki. Inaweza pia kuwa ndio ripoti ya miaka sita, na sikuambii hivyo kukuumiza, nakuambia kwa sababu jambo la namna hii linarekebishika na una miezi miwili.

Angalia unavyofanya mtu akishindwa zamu. Anatuma meseji, unaenda wewe, huulizi. Ni upendo huo, nauona. Lakini yule aliyeshindwa hajajifunza kumtafuta mwenzake wa kumshikia zamu, na mwenzake ambaye angeweza kwenda hakupata nafasi hata ya kuombwa, na mzee amekuona wewe tena. Kila mara umewaondolea kitu kidogo bila kujua, yaani ile fursa ya kuhitajika ambayo wewe mwenyewe unajua ni tamu. Katika watu 64 lazima wapo wenye moyo kama wako ambao hawajawahi kufika mahali pa kuambiwa usipoenda wewe leo hakuna anayeenda.

Hapa kwenye mwili wako nitasema kwa mkazo kidogo. Kifua kinachobana simu ikiita, kamuone daktari, wiki hii. Inaweza kuwa uchovu wa nafsi tu, inaweza kuwa kitu kingine, wewe na mimi sio wa kukisia. Na ile chuki uliyoisikia isikufanye ujione umeharibika. Daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, ambaye ni mmoja wa walioanza kuandika kitaalamu kuhusu hali hii ya mtu kuungua akaisha, aliandika mwaka 1974, na watu aliowaona wakiungua walikuwa watu wa kujitolea kwenye kliniki ya bure New York, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Walikuwa ndio wenye moyo wa kujitoa. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 liliieleza hali hii kwa dalili tatu, kuishiwa nguvu, kuanza kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi chochote cha maana. Wanaiweka kwenye mambo yatokanayo na kazi, hawaiiti ugonjwa. Ya kwanza na ya pili umeniandikia mwenyewe bila kuulizwa. Na kuna ile habari ya Musa, kutwa nzima anaamua kesi za watu na watu wamesimama wanamsubiri asubuhi mpaka jioni, mkwewe Yethro alipomuona alimwambia utachoka wewe na hawa watu pia. Hiyo "na hawa watu pia" huwa tunaipita haraka. Kusubiri nako kunachosha, katibu wako alikuwa anakwambia hivyo hivyo.

Sasa hela. Hapa mwanangu naomba unisikilize taratibu kwa sababu naona huruma yako na naona pia hatari ambayo labda huioni.

Ulifikiri kiongozi wa kuhudumia hamvui nguo aliyeanguka. Sawa. Lakini hela zile zilikuwa za nani? Za wanachama, na nyuma yao za wazee. Kulinda alichokabidhiwa na watu nako ni utumishi, kama ilivyo kumfunika mtu. Ulipoziba kwa akiba yako uliokoa hesabu, na ukawaondolea wenzako haki ya kujua na kuamua, hata haki ya kumsamehe, maana huwezi kusamehe usilolijua. Pengine wangemchangia mtoto wake, sasa hatutajua. Kuna utafiti wa Amy Edmondson wa miaka ya 1990 kwenye timu za hospitali, alitegemea kuona timu zenye uongozi mzuri zikiwa na makosa machache ya dawa, akakuta ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba kwenye timu hizo watu hawakuogopa kusema wamekosea, kosa likaonekana likarekebishwa. Nawaza mweka hazina wenu angejisikiaje kama kikundi chenu kingekuwa mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kusema mtoto anaumwa nimeshika hela nimekosea. Badala yake amebeba deni na siri, na mwenye siri yake ni wewe peke yako.

Na huyo ndiye aliyesimama kuomba ubaki. Unasema anakupenda tu, na mimi sina sababu ya kukataa. Ila jiulize, yeye mwenyewe anaweza kuutofautisha upendo huo na hofu ya mwenyekiti mpya atakayefungua vitabu? Na siku ikijulikana, maana mambo ya hela hujulikana, wanachama watasema nini kuhusu ile kura? Watasema walipigia makofi kitu ambacho hawakuambiwa chote.

Njia ziko kadhaa na hakuna isiyo na maumivu. Unaweza kumuita yeye kwanza, peke yenu, umwambie siwezi kulibeba hili mpaka kwenye kura, nakupa muda ulieleze mwenyewe kamatini na mimi nitakaa pembeni yako na nitasema sehemu yangu. Hatari yake ni kwamba anaweza kukasirika, anaweza kuondoka kikundini, na wewe utaulizwa kwa nini ulinyamaza na itabidi ujibu. Unaweza kusubiri amalize kulipa kisha useme, lakini nusu iliyobaki haitaisha ndani ya miezi miwili na kura itakuwa imepita. Unaweza kunyamaza moja kwa moja, na hapo kumbuka kwamba ukiondoka mwenyekiti ajaye anarithi kisima asichojua kina chake, na ukibaki siri yenu inakuwa na umri mrefu zaidi. Na mumeo, akiba ile ilikuwa yako peke yako au ya nyumba? Hilo nakuachia mwenyewe, unajua mlivyopatana.

Turudi kwenye kubaki au kuondoka.

Kubaki kuna sababu zake za kweli na sitaki kuzidharau. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alichaguliwa mara nne, 1932, 1936, 1940 na 1944, wakati hapakuwa na sheria ya kumzuia, kulikuwa na desturi tu tangu George Washington aliyeondoka 1797 baada ya vipindi viwili. Wengi waliona nchi ikiwa kwenye shida kubwa vile sio wakati wa kubadilisha mkono. Lakini baada ya yeye kufa 1945 Wamarekani hao hao waliandika ukomo kwenye katiba, ukapitishwa 1951. Nadhani hapo ndipo pa kufikiria, kwamba kipengele kikishafunguliwa kwa ajili ya mtu mwema kinabaki wazi kwa atakayemfuata, ambaye hatumjui. Wewe ulilijua hili miaka sita iliyopita ukalipigania. Kama kuna kilichobadilika tangu siku ile, ningependa ujiulize ni nini hasa.

Kuondoka nako, Mandela alikaa kipindi kimoja tu, 1994 mpaka 1999, na katiba ilimruhusu cha pili. Tunamsifia kwa hilo na anastahili, ila wanaomsifia hawataji sana kwamba kazi nyingi za kila siku zilikuwa tayari mikononi mwa makamu wake Thabo Mbeki. Aliacha kiti ambacho mwingine alishazoea kukifanyia kazi. Wewe kazi yako iko kichwani kwako. Ukiondoka kesho na kichwa chako, tena ukiondoka kwa hasira ya maneno ya katibu au kwa uchovu, wale wazee wanne wanaweza kuwa kumi.

Kuna ya katikati, uachie kiti ubaki mshauri au mwanachama wa zamu kama wengine. Mwalimu Nyerere aliachia urais 1985 akabaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990. Ina uzuri wake, mnarithishana taratibu. Lakini manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa mazoea ya wenzako meseji zitaendelea kuja kwako, na ukizijibu tu mwenyekiti mpya ameshakuwa kivuli. Ukichagua hii utahitaji nguvu ya kuandika "muulize mwenyekiti" mara mia na kuvumilia kuona jambo linafanywa vibaya kuliko ambavyo ungelifanya wewe. Unayo nguvu hiyo? Nauliza kweli, kuna watu hawana na kwao ni bora kupumzika mbali kabisa mwaka mzima kuliko kukaa karibu.

Kama nafsi haijatulia, huna lazima ya kuamua yote leo. Miezi miwili inatosha kujaribu. Chukua daftari uandike kila kilichoko kichwani, majina, dawa, saa, huyo wa kugongewa dirishani, nani asipangwe na nani. Usimpe mtu mmoja, maana utakuwa umetengeneza wewe mwingine, wape watatu, na katibu awe mmoja wao kama mtakuwa mmeshazungumza. Halafu utangaze wiki tatu za kupumzika, zile zile tatu, safari hii ukiwa mzima, na simu ya zamu iwe kwa wengine. Mambo yataharibika kidogo. Mtu atasahau, mzee atalalamika. Kubalianeni mapema nani atapita kuangalia kwa wale wasioweza kabisa kukaa siku bila mtu, hao wasiwe uwanja wa majaribio. Mwisho wa wiki tatu kikundi kitakuwa na kitu halisi cha kuzungumzia kikaoni, na wewe utajua ukiikosa ile simu unaikosa kwa sababu gani.

Nimemuacha binti yako mwisho kwa sababu swali lake ndilo lililonikalia zaidi. Mtoto wa miaka 12 haulizi swali kama lile kwa bahati, na ukasema aliuliza bila hasira, hiyo ndiyo iliyonigusa, maana ameanza kuzoea. Usimjibu kwa kumweleza kazi ya kikundi, anaijua. Labda umuulize yeye angependa siku gani ya wiki simu izimwe, na muizime mbele yake. Na huko kote utakakokuwa umepita, kwa wazee, kwa katibu, kwa mweka hazina, ukipata nafasi niandikie waliyokuambia, hasa wale wanne.

Shangazi yako